Meli Mbili, Gati Moja: Namna ya Kuanza Utafiti wa Uzamivu katika Usanisi wa Mifumo Sambamba

Mifumo sambamba ni ile ambayo ndani yake michakato kadhaa hutenda kazi kwa wakati mmoja huku ikigombea rasilimali zilezile, na anayetaka kuitafiti kwa misingi rasmi ya kihisabati hukuta njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ni uhakiki: mhandisi huunda mfumo kwanza, kisha programu hukagua kama mfumo huo unatimiza masharti yaliyowekwa. Njia ya pili ni usanisi: mtafiti huandika masharti peke yake, na programu hujenga mfumo unaoyatimiza, au humthibitishia kwamba mfumo wa namna hiyo hauwezi kuwapo. Alonzo Church aliuliza swali hili la pili mwaka 1957 kuhusu saketi, na Büchi pamoja na Landweber wakalijibu kwa upana wake mwaka 1969. Mwaka 1981 Clarke na Emerson walipoonyesha jinsi ya kusanisi sehemu ya programu inayoratibu michakato, katika makala hiyohiyo waliweka pia msingi wa uhakiki wa kiotomatiki, na uhakiki ndio uliokuja kuvuma zaidi.

Mwongozo huu unafuata njia ya usanisi, na ndani yake tawi moja tu: kujenga wavu wa Petri (modeli ya vituo na matukio nitakayoieleza mbele) kutokana na grafu ya hali, yaani mchoro wa hali zote za mfumo na mishale ya matukio kati yake. Nimelichagua kwa sababu mwanafunzi anaweza kulifanyia kazi kwa kalamu na karatasi tangu wiki ya kwanza, bila maabara na bila mashine ya gharama, iwe yuko Dodoma, Kampala au Bonn. Nimelichagua pia kwa sababu naamini kwamba swali zuri la tasnifu katika fani hii huzaliwa pale mfano mdogo unapokataa kusanisiwa, mtafiti naye asikubali kuuacha mpaka ajue ni jambo gani hasa lililoukatalia.

Chukua mfano unaoweza kuumaliza kwa mkono

Wanafunzi wengi huanza kwa kusakinisha programu na kuilisha mifano mikubwa iliyoandaliwa na wengine. Matokeo yake ni majedwali ya muda wa kukokotoa ambayo hayamfundishi mtu kitu, kwa kuwa hajui ndani ya mfano huo ni nini kilichokuwa kigumu. Ni afadhali uanze na mfano mdogo uliouunda mwenyewe na unaoweza kuubeba wote kichwani.

Tuchukue meli mbili na bandari yenye gati moja. Kila meli iko katika mojawapo ya hali tatu: iko baharini, iko kwenye foleni, au iko gatini, na hali hizi tuziandike B, F na G. Kila meli ina matukio matatu: kuomba, ambako huitoa baharini na kuiingiza kwenye foleni, kufunga, ambako huitoa kwenye foleni na kuiweka gatini, na kuondoka, ambako huirudisha baharini. Hali ya mfumo mzima huandikwa kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa ya meli ya kwanza, hivyo FG maana yake ni kwamba meli ya kwanza iko kwenye foleni na ya pili iko gatini. Sharti ni moja: hali ya GG isitokee kamwe.

Kwa kuwa kila meli ina hali tatu, jumla ingekuwa hali 9. Tukiiondoa GG zinabaki 8. Mipito kati ya hali hizo ni 14. Chora grafu hiyo sasa hivi, kabla ya kuendelea kusoma, kwa maana hoja zote zinazofuata zinasimama juu yake. Anzia BB, na kila mshale uandikie jina la tukio pamoja na namba ya meli: omba1, funga1, ondoka1, omba2, funga2, ondoka2.

Ukimaliza, angalia tofauti iliyopo kati ya pembe mbili za mchoro wako. Kutoka BB, omba1 na omba2 huweza kutokea kwa mpangilio wowote na zote huishia FF. Mishale minne hutengeneza umbo la almasi. Kutoka FF, funga1 na funga2 zote zinawezekana, lakini ikitokea moja nyingine huzuiwa, na almasi haifungiki. Hapo kwanza pana usambamba, na hapo pili pana mgogoro. Tofauti hii ndiyo Mazurkiewicz aliyoipa hisabati yake mwaka 1977, na ndiyo iliyomwezesha Zielonka, mwaka 1987, kuthibitisha ni lini otomata moja, yaani mashine ya kinadharia inayotoka hali hadi hali, inaweza kugawanywa kuwa otomata kadhaa zinazoshirikiana. Mtafiti asiyeitofautisha mapema huja kuandika sura nzima akidhani anazungumzia usambamba, kumbe anazungumzia mpangilio wa zamu tu.

Tafuta kanda, kisha uhesabu kazi ya kila moja

Wavu wa Petri, uliotokana na tasnifu ya Carl Adam Petri ya mwaka 1962, una vituo vinavyobeba tokeni, yaani alama za kuhesabika, na matukio yanayozichukua tokeni kutoka vituo fulani na kuziweka katika vingine. Tukio huweza kutokea pale tu vituo vyake vya kuchukulia vinapokuwa na tokeni za kutosha. Swali la usanisi ni hili: tukipewa grafu ya hali, je, upo wavu ambao mwenendo wake ni grafu hiyo hasa, bila kuzidi wala kupungua?

Ehrenfeucht na Rozenberg walitoa ufunguo mwaka 1990 kwa nadharia ya kanda. Kanda ni seti ya hali ambayo kila tukio huihusu kwa namna moja tu: ama huiingia kila linapotokea, ama huitoka kila linapotokea, ama halivuki mpaka wake hata mara moja. Kila kanda inaweza kuwa kituo cha wavu, na kituo hicho hubeba tokeni wakati mfumo uko ndani ya kanda hiyo.

Katika mfano wetu kanda sita huonekana mara moja, nazo ni zile zinazosema meli fulani iko wapi. Kwa mfano, seti ya hali ambamo meli ya kwanza iko kwenye foleni, yaani FB, FF na FG, huingiwa na omba1, hutokwa na funga1, na matukio mengine hayaivuki. Ipo kanda ya saba ambayo hakuna aliyeitaja katika maelezo ya mfumo: BB, BF, FB na FF. Jaribu kila mshale nawe utaona kwamba funga1 na funga2 huitoka daima, ondoka1 na ondoka2 huiingia daima, na maombi hayaivuki. Kanda hii maana yake ni kwamba gati liko wazi. Hatukuuambia mfumo kwamba kuna kitu kinachoitwa gati. Tulikataza hali moja tu, na hisabati ikalitoa gati lenyewe kama kituo chenye tokeni moja. Mara ya kwanza kuliona jambo hili nilirudia hesabu yote, na hadi leo naliona kuwa sababu tosha ya mtu kuipenda fani hii.

Usiishie kwenye furaha hiyo. Kuwa na kanda hakutoshi. Ni lazima uthibitishe kwamba zinatosha kutenganisha. Masharti ni mawili. Kwanza, hali mbili tofauti zitofautishwe na angalau kanda moja. Pili, kila tukio lisiloruhusiwa katika hali fulani lizuiwe na kituo fulani, yaani iwepo kanda ambayo tukio hilo huitoka na ambayo hali hiyo haimo. Katika mfano wetu hali 8 zikizidishwa kwa matukio 6 hutoa jozi 48. Jozi 14 zimeruhusiwa, hivyo 34 ni za kuzuiwa. Kanda sita za kawaida huzuia 32 kati ya hizo bila msaada. Zinabaki mbili: funga1 katika FG na funga2 katika GF. Kanda ya gati ipo kwa ajili ya jozi hizo mbili tu.

Huu ndio ustadi ninaotaka mwanafunzi aupate kabla ya ustadi mwingine wowote: kuweza kuonyesha kwa kidole jozi ipi inayolazimisha kituo kipi. Ukiweza kufanya hivyo kwa hali 8, utajua cha kutafuta programu yako inapokwama kwenye hali milioni.

Na milioni zitafika upesi. Kwa meli n na gati moja, idadi ya hali ni 2 kwa kipeo cha n, kujumlisha n mara 2 kwa kipeo cha (n kutoa 1). Kwa meli 10 tunapata hali 6,144. Kwa meli 20 tunapata 11,534,336. Wavu wa meli 20, hata hivyo, una vituo 61 tu, vitatu kwa kila meli na kimoja cha gati. Ukiandika kwamba algoriti yako hutumia muda wa polinomia, yaani usiozidi kipeo fulani kisichobadilika cha ukubwa wa kinachoingizwa, eleza wazi kama unapima kwa ukubwa wa grafu au kwa ukubwa wa maelezo yaliyoizaa, kwa sababu grafu yenyewe hukua kwa kasi hiyo. Badouel, Bernardinello na Darondeau walionyesha mwaka 1995 kwamba usanisi wa nyavu zenye ukomo wa tokeni huamuliwa kwa muda wa polinomia wa ukubwa wa grafu, na mwaka 1997 kwamba kwa nyavu za msingi, ambazo kila kituo chake kina tokeni moja au hakina, tatizo ni NP-kamili, yaani haijulikani algoriti yoyote ya muda wa polinomia inayolitatua. Aina finyu zaidi ya nyavu ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kuisanisi, na wasomaji wengi huitarajia kinyume.

Badilisha sharti moja mpaka mfano ukatae

Sasa ongeza kipaumbele: meli zote mbili zikiwa kwenye foleni, ya kwanza itangulie. Kwenye grafu, maana yake ni kufuta mshale mmoja, yaani funga2 kutoka FF. Hali zote 8 bado zinafikika, na mipito imebaki 13. Kuna jozi mpya ya kuzuia: funga2 katika FF.

Tafuta kanda ya kuizuia. Ni lazima iwe na BF, kwa kuwa funga2 hutokea hapo na huitoka. Ni lazima isiwe na FF. Basi omba1, anayeipeleka BF kwenye FF, huitoka kanda hiyo, na kwa kanuni ya kanda lazima aitoke kila anapotokea. Yeye huipeleka BG kwenye FG, kwa hiyo BG imo. Lakini BG ndipo funga2 anapofikia akitoka BF, na tumesema funga2 huitoka kanda, kwa hiyo BG haimo. Tumegonga ukuta.

Wanafunzi wengi hapa hubadilisha mipangilio ya programu na kujaribu tena. Chukua kalamu badala yake, na uulize kama ugumu huu ni wa mfano huu peke yake. Sio wake peke yake. Katika wavu wowote usio na kitanzi, yaani ambao hakuna tukio linalochukua na kurudisha tokeni katika kituo kilekile, ikiwa unaweza kutenda a kisha b, na ukaweza pia kuanza na b, basi baada ya b ni lazima uweze kutenda a. Uthibitisho ni mfupi: hesabu ya tokeni baada ya matukio mawili haitegemei mpangilio wake, na kwa kuwa hesabu hiyo haikushuka chini ya sifuri kwa njia ya kwanza, haiwezi kushuka kwa njia ya pili, na pasipo kitanzi, tukio huruhusiwa pale tu hesabu inayofuata isiposhuka chini ya sifuri. Katika mfano wetu a ni funga2 na b ni omba1. Uzito wa mishale, yaani idadi ya tokeni ambazo tukio huchukua au kuweka kwa mara moja, hausaidii, wala idadi ya tokeni zilizomo vituoni. Mfano mdogo umetupa kanuni inayohusu nyavu zote za aina hiyo, na hatukuhitaji kompyuta.

Tukiruhusu kitanzi, suluhisho lipo: funga2 asome kituo kinachosema meli ya kwanza iko baharini, bila kukipunguzia tokeni. Hapo meli ya pili hufunga pale tu ya kwanza isipokuwa foleni wala gatini, na wavu hutoa grafu ile hasa.

Lakini uliza gharama yake, kwa sababu swali la tasnifu limejificha hapo. Badouel, Caillaud na Darondeau, wakitumia usanisi wa nyavu kugawa otomata katika mashine zilizo mbalimbali, waliweka sharti kwamba matukio yanayotegemea kituo kimoja yakae mahali pamoja. Katika wavu wa kwanza, funga1 na funga2 hushiriki kituo cha gati, hivyo hukaa pamoja bandarini, nalo ni jambo la kawaida. Maombi yanaweza kukaa melini, kila moja kwenye meli yake. Katika wavu wa pili, funga2 anasoma kituo ambacho omba1 hukichukulia tokeni, kwa hiyo omba1 naye analazimika kuhamia bandarini. Kwa kufuta mshale mmoja tumeinyang'anya meli ya kwanza uwezo wa kuamua peke yake lini iombe. Je, ni masharti gani ya kipaumbele yanayoweza kusanisiwa bila kuhamisha tukio lolote? Na tukikubali mwenendo ulegezwe kidogo, je, ni mishale ipi michache zaidi ya kurudishwa? Maswali ya namna hii yana ukubwa unaofaa kwa miaka mitatu au minne ya kazi.

Kuligeuza swali kuwa tasnifu

Swali linalofaa hutaja vitu vitatu: aina ya grafu unayoanzia, aina ya nyavu unazokubali, na usawa unaoudai kati ya mwenendo wa grafu na ule wa wavu. Usawa kamili wa grafu ni sharti kali. Usawa wa lugha, yaani wa mifuatano ya matukio, ni hafifu zaidi. Na kati yake zipo ngazi nyingine. Ukibadilisha kimojawapo kati ya vitu hivi katikati ya sura bila kusema, mtahini ataligundua. Kazi za Eike Best na Raymond Devillers ni shule nzuri katika hili, kwa kuwa wao huchukua tabaka finyu la nyavu, kama zile zisizo na uchaguzi, ambazo kila kituo huchukuliwa tokeni na tukio lisilozidi moja, kisha hueleza ni sifa zipi za grafu zinazolitambulisha tabaka hilo. Soma jinsi wanavyofinya swali mpaka lijibike.

Kuna sharti ambalo kanda hazilifikii, nawe utaulizwa juu yake: zamu, yaani hakikisho kwamba anayesubiri atahudumiwa hatimaye. Katika wavu wetu wa kwanza, meli ya kwanza inaweza kuomba, kufunga, kuondoka na kuomba tena pasipo kikomo, huku ya pili ikibaki foleni. Katika wavu wa pili hali ni hiyohiyo. Grafu inasema yanayoweza kutokea, wala haisemi yanayolazimika kutokea hatimaye. Kusema hivyo kunahitaji mantiki ya wakati, na huko bei ya usanisi hupanda: Pnueli na Rosner walionyesha mwaka 1989 kwamba tatizo hudai muda wa kipeo juu ya kipeo, na mwaka 1990 kwamba michakato ikiwa imetawanyika na kila mmoja unaona sehemu tu ya mazingira, kwa ujumla tatizo haliamuliki kabisa, yaani hakuna algoriti inayoweza kulijibu daima. Piterman, Pnueli na Sa'ar walipata mwaka 2006 tabaka la fomula ambalo linasanisiwa kwa muda wa kipeo cha tatu cha idadi ya hali, na tabaka hilo limewafaa watu wa roboti na wa saketi. Funzo la kiutafiti ni lilelile la nyavu, kwamba maendeleo yalikuja kwa kuchagua tabaka. Kama tasnifu yako ni ya kanda, tamka katika sura ya kwanza kwamba zamu haimo, na ueleze kwa nini.

Sasa ndipo programu inapoingia. APT ya Oldenburg hupokea grafu kwa maandishi na kujibu kama inasanisika katika tabaka ulilotaja, na isiposanisika hukuonyesha jozi zilizoshindikana. Petrify, iliyoundwa na Cortadella na wenzake kwa ajili ya saketi zisizo na saa, hutumia kanda kwa kazi ya uhandisi yenyewe. Programu yoyote utakayoichagua, ilishe kwanza mfano wako wa meli, ulinganishe majibu na karatasi yako, na usikubali tofauti yoyote ipite bila maelezo. Baadaye ndipo uende kwenye mifano ya pamoja ya fani, kama ile ya mashindano ya uhakiki wa nyavu yanayofanyika tangu 2011, au ya mashindano ya usanisi wa mifumo inayoitikia mazingira yake (SYNTCOMP) yaliyoanza 2014, ambayo huwezesha matokeo yako kulinganishwa na ya wengine.

Unapoandika algoriti yako, andika pia kikaguzi kilicho peke yake: programu fupi inayopokea wavu uliosanisiwa, ikajenga grafu yake upya kwa kutembeza tokeni, kisha ikailinganisha na grafu ya mwanzo. Kisitumie hata mstari mmoja wa algoriti kuu. Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa na matokeo mazuri ya miezi minne ambayo yote yalibeba kosa moja la kuhesabu kitanzi kama mshale wa kawaida, na ni kikaguzi cha namna hii, nilichokiandika kwa alasiri moja, kilicholifichua. Kama ningekiandika mwanzoni, miezi ile ingekuwa yangu.

Kuhusu uthibitisho, andika kila hoja kwanza kwa meli mbili, kisha kwa meli tatu, na mwisho kwa n. Mara nyingi hatua ya meli tatu ndipo hoja inapovunjika, kwa sababu kwa michakato miwili kila mgogoro ni wa wawili hao, ilhali kwa mitatu wawili wanaweza kuwa sambamba huku kila mmoja akigombana na wa tatu. Hoja ikivunjika, uhifadhi mfano ulioivunja. Uweke katika faili moja pamoja na tarehe na jozi iliyoshindikana, na msimamizi wako mkutanapo umpe faili hiyo kabla ya kumpa majedwali. Chora grafu ya meli tatu na gati moja leo. Ina hali 20.